Mwalimu Analipa, Wengine Je?

Kila mwisho wa mwezi mwalimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa Serikali hulipa deni lake bila ya kuulizwa. Hana nafasi ya kusahau, wala ya kutoa udhuru, wala ya kueleza kwamba mwezi huu mtoto aliugua. Fedha huondolewa kabla mshahara haujafika benki, naye huikuta habari yake katika hati ya mshahara, mstari mmoja miongoni mwa mistari ya kodi, ya pensheni na ya chama cha wafanyakazi: asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huyu ndiye mlipaji mwema kuliko wote nchini. Lakini wema wake haukutokana na tabia njema peke yake. Umetokana pia na ukweli kwamba jina lake limo katika orodha ya Hazina, na hawezi kulitoa.

Makala haya hayakusudii kumwombea mwalimu huyo msamaha wa deni. Mwandishi wake naye alikopeshwa, na anaamini kwamba alichokopeshwa ni jasho la watu ambao wengi wao hawatakanyaga ukumbi wa mihadhara maisha yao yote. Kinachohojiwa hapa ni jambo jingine: kama deni ni la wasomi wote, mbona uzito wake umelazwa juu ya mabega ya wale wenye mishahara midogo inayoonekana, na wenye mapato makubwa yasiyoonekana wakaachwa wapite pembeni?

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya deni lenyewe, kwa kuwa siku hizi mazungumzo juu ya mikopo huanza na kuishia katika viwango vya makato, kana kwamba mambo yote yalianza siku Bodi ilipofungua ofisi. Tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi wake walikuwa wa sheria tu, na hawakuzidi 14. Watu wazima wengi wakati ule hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi ilikuwa maskini, na bado ikaamua kutenga fungu la kuwalisha, kuwalaza na kuwafundisha vijana hao wachache. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wa aina hiyo na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi na msaada, basi amekula chakula cha wenzake bure.

Swali la nini msomi anadaiwa lilizuka kwa kishindo miaka mitano tu baadaye. Serikali iliweka sheria kwamba wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwamba kwa miezi 18 ya muda huo, wakiwa kazini, walipwe kiasi cha asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Matokeo yanajulikana: karibu vijana 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi wao walipokewa tena, wakati nchi imekwisha kupata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea.

Historia imewahukumu vijana wale kuwa wabinafsi, na hukumu hiyo sina haja ya kuitengua. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Kukatwa asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 ni sawa na kutoa mishahara ya miezi kumi na nukta nane. Mhitimu wa leo anayekatwa asilimia 15 kwa miaka saba na miezi minane, na nitaonyesha hivi punde kwamba muda huo si wa kubuni, hutoa mishahara ya karibu miezi kumi na minne. Maana yake ni kwamba mwalimu wa leo anatoa zaidi ya kile kilichowatoa wenzake wa 1966 barabarani, naye anatoa kimyakimya, huku akisahihisha madaftari. Wanaopenda kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea wangefanya vema kuzikagua hati zao za mishahara.

Kwa miaka mingi baada ya Azimio elimu ya juu ililipiwa yote na Serikali. Mwanafunzi alipewa nauli, chakula, malazi na vitabu, naye akafungwa na ahadi ya kuutumikia umma. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza sharti kwamba mtu afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake, lakini ulikuwa na jambo moja zuri: kijana aliingia Mlimani akiwa ameonja mshahara na ameona ugumu wa kazi, na hakuwa mgeni kwa wale waliokuwa wakimlipia.

Kisha zikaja shida ambazo wazee wetu hawazisahau. Bei ya mafuta ilipanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina, maduka yakawa matupu, na mwaka 1986 nchi ikaingia katika mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama ikafika vyuoni. Kwanza mwanafunzi alitakiwa ajilipie nauli na ada ndogondogo. Halafu ikafuata zamu ya chakula na malazi, na kwa kuwa wazazi wengi hawakuweza, mwaka 1994 ukaanzishwa utaratibu wa mikopo. Mikopo hiyo ilitolewa, lakini chombo cha kuirejesha hakikuwapo. Kwa miaka kumi hivi fedha zilitoka mlango wa mbele na hapakuwa na aliyesimama mlango wa nyuma kuzipokea zikirudi. Ndipo Bunge likatunga Sheria Namba 9 ya 2004, na Julai 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, ikirithi pia madeni yote ya tangu 1994. Zanzibar inayo Bodi yake.

Katika muda huohuo nchi ilibadilika sura. Chuo kikuu kimoja cha 1961 kilizaa Sokoine mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria katika miaka ya 1990, vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na Dodoma mwaka 2007. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha sita mwaka 2022. Kila mlango unaofunguliwa chini huleta watu mbele ya mlango wa juu. Fedha za mikopo, zilizokuwa shilingi bilioni 464 katika mwaka wa fedha 2020/21, zilipanda hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, na kufikia bilioni 787 mwaka 2024/25. Fedha ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, iliongezwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka 2023 mikopo ikawafikia hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Hizi si hatua za kubezwa. Hata hivyo, kila anayefanya kazi sekondari anawajua vijana waliofaulu vizuri, wakapata nafasi chuoni, na mkopo wao ukaja nusu au usije kabisa.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni moja tu: turudi tulikotoka, elimu ya juu iwe bure kwa wote. Wengi wa wasemao hivi ni wenzangu, wahitimu wanaokatwa, na hoja yao ina mvuto wa kumbukumbu njema. Lakini ni nani atakayelipia hicho kinachoitwa bure? Mkulima wa Kasulu hulipa kodi ya ongezeko la thamani kila anaponunua kipande cha sabuni. Mama lishe wa Manzese huilipa vilevile. Watoto wao walio wengi bado hawafiki chuo kikuu. Tukisema daktari, mhandisi na mwanasheria wasomeshwe bure na wasirudishe kitu, tunasema mnunuzi wa sabuni amsomeshe mtu ambaye kesho atapokea mara kumi ya kipato chake. Zamani jambo hilo liliweza kutetewa kwa sababu msomi alifungwa kuutumikia umma, kwa mshahara ambao umma ulipanga. Leo yu huru kwenda apendako, ndani na nje ya nchi, kwa mshahara wowote atakaoupata. Uhuru huo ni mzuri. Lakini aliye huru kuchuma na alipe.

Kwa hiyo deni ni la haki. Tuone sasa jinsi linavyolipwa.

Tumchukue mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Pensheni huchukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 16,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa pensheni, ni 68,000. Bodi ya Mikopo huchukua 120,000. Mwalimu huyu hubakiwa na shilingi 532,000, na katika makato yote hakuna linaloukaribia mkopo kwa ukubwa. Hata Serikali yenyewe, kwa kodi yake, huchukua kidogo zaidi ya nusu ya kile kinachochukuliwa na Bodi. Katika hizo zilizobaki atoe kodi ya nyumba, nauli, karo ndogondogo, na fedha za wazazi ambao kila mwezi hukumbuka kwamba wanaye msomi.

Tukadirie kwamba anadaiwa milioni 11, kiasi ambacho si cha ajabu kwa aliyesoma miaka mitatu kwa ada na fedha ya kujikimu. Kwa 120,000 kila mwezi atamaliza kwa miezi 92. Ndiyo ile miaka saba na miezi minane. Mshahara ukipanda, muda utapungua kidogo.

Hali hii ni nafuu ikilinganishwa na ilivyokuwa. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, nayo yalionekana madogo. Lakini juu ya deni palikuwa na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa mfano wetu uleule, asilimia 8 ya mshahara ni 768,000 kwa mwaka, na tozo juu ya milioni 11 ni 660,000. Mwaka mzima wa kulipa ulipunguza deni kwa shilingi 108,000 tu! Deni lilikuwa linatembea kwa magoti. Makato yalipopandishwa hadi asilimia 15, sehemu kubwa ya ongezeko iliingia kulisha tozo hiyo. Ndiyo maana siku ya Mei Mosi, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Mwanza kwamba tozo hiyo inafutwa, wafanyakazi waliopiga makofi hawakuwa wakipiga kwa adabu tu. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo iliondolewa mwaka huohuo.

Lakini asilimia 15 ilibaki. Ilipandishwa wakati tozo ipo, na tozo ilipoondoka haikuguswa. Na hapa ndipo pana kasoro ambayo haijasemwa vya kutosha. Asilimia 15 ni moja kwa wote. Mwalimu wa 800,000 hukatwa asilimia 15. Mkurugenzi wa shirika mwenye mshahara wa milioni 5 hukatwa asilimia 15. Watu husema huu ndio usawa. Kwa mkurugenzi ni shilingi 750,000 kwa mwezi, na deni la milioni 11 humwisha katika miezi 15. Katika muda wote huo hubakiwa na fedha ambazo mwalimu hatazishika kwa nusu mwaka. Mwalimu atakuwa bado anadaiwa miaka sita baada ya mkurugenzi kusahau jina la Bodi. Hatukatai kodi ya mapato kupanda kwa ngazi, mwenye nacho akatoa zaidi na mwenye kidogo akaachiwa fungu la kwanza bila kuguswa. Mbona deni la elimu, ambalo ni ndugu wa kodi, lisipande ngazi hizohizo?

Huyo mkurugenzi, hata hivyo, angalau analipa. Tuwatazame wasiolipa.

Sheria inamtaka mwajiri aijulishe Bodi anapomwajiri mhitimu, amkate na kupeleka fedha kila mwezi. Kwa Serikali hili ni jambo la mashine. Kwa waajiri binafsi ni jambo la nia. Kuna shule moja isiyo ya Serikali, sitaitaja, ambako rafiki yangu alifundisha miaka miwili. Kila mwezi alikatwa, na alipoomba taarifa ya deni lake akakuta halikupungua hata senti. Fedha ziliishia katika kasha la mwenye shule. Rafiki huyo akahesabiwa na Bodi kuwa mdaiwa asiyelipa, na ilimbidi apeleke hati za mishahara za miezi 24 kujitetea kwa kosa la mtu mwingine. Mwenye shule bado anasajili wanafunzi.

Kisha wako wale wasio na mwajiri kabisa. Sizungumzii kijana anayeuza mitumba. Nazungumzia wakili mwenye ofisi yake, mkandarasi, mshauri wa miradi anayelipwa kwa fedha za kigeni, daktari mwenye kliniki, mfanyabiashara aliyejifunza biashara kwa mkopo wa umma. Hawa hawana karani wa mishahara wa kuwakata. Wanatakiwa walipe wenyewe, na wako wanaolipa. Lakini utaratibu unaowategemea wenye mapato makubwa wakumbuke wenyewe, na kumlazimisha mwenye mapato madogo asiweze kusahau, umepinda. Bodi imewahi kutangaza majina ya wadaiwa sugu magazetini. Aibu ni silaha butu kwa mtu mwenye gari la kifahari, na ni silaha kali mno kwa kijana asiye na kazi ambaye jina lake limo katika orodha hiyohiyo.

Kwa maana katika orodha za wadaiwa wako pia maelfu ambao hawakukimbia kokote. Wamemaliza chuo, wameomba kazi mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu, na sasa wanajitolea. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanawajua. Huenda mmoja yumo katika chumba chao cha walimu sasa hivi, anafundisha hisabati vidato vitatu kwa posho inayotoka katika michango ya wazazi. Kijana huyu anaifanyia nchi kile ambacho vijana wa 1966 walikikataa. Sheria inamwita mdaiwa, na muda wa kungoja ukipita, ameshindwa kulipa. Neno hilo halimfai. Mtu hashindwi kulipa kutoka katika kitu ambacho hakupewa.

Kiini cha jambo ni kwamba tumeuita utaratibu huu mkopo na kuuendesha kama mkopo wa duka, ilhali asili yake ni mchango wa mtu aliyefaidika. Australia ililitambua hilo mwaka 1989: mwanafunzi hulipa baadaye, kwa kadiri ya kipato chake, na anayekusanya ni mamlaka ya kodi. Kipato kikiwa chini ya kiwango kilichowekwa halipi kitu wala haitwi mhalifu. Kikipanda, kiwango cha kulipa nacho hupanda. Jirani zetu wa Kenya, waliotangulia kutoa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu tangu 1974, walikuta kama sisi kwamba kutoa ni rahisi na kurejesha ni kazi, na ilipofika 1995 nao wakaunda Bodi.

Ninachopendekeza si kigumu kukielewa. Makato yawe ya ngazi: tuseme asilimia 10 kwa mshahara usiozidi milioni moja, 15 kwa unaozidi hapo mpaka milioni mbili, na 20 au zaidi kwa ulio juu yake. Mwalimu wetu atakatwa 80,000 badala ya 120,000; hizo 40,000 ni nauli ya mwezi, au ni kilo za unga na mafuta kwa nyumba ya watu watano. Asiye na kipato aandikwe hivyo, kwa tamko linalothibitishwa na serikali ya mtaa au kijiji, ofisi ileile iliyothibitisha umaskini wake alipoomba mkopo. Na anayejiajiri adaiwe na mamlaka ya mapato, pamoja na ritani yake ya kila mwaka. Wakili hahuishi cheti chake cha uwakili bila kutimiza masharti ya kila mwaka. Sharti moja zaidi, hati ya Bodi kwamba analipa, halitaua taaluma ya sheria.

Najua jibu litakalotoka kwa watu wa fedha, na ni jibu la kweli: kwa asilimia 10 mwalimu atamaliza deni kwa miezi 138, zaidi ya miaka 11, na kwa kuwa tozo ya kulinda thamani haipo, shilingi atakayorudisha mwaka wa kumi haitakuwa na nguvu ya shilingi aliyokopa. Mfuko utapungukiwa, na atakayeumia ni mwanafunzi wa kesho. Siwezi kulipuuza hilo. Lakini pengo hilo linapimwa tukidhani kwamba wengine wote wataendelea kama walivyo. Mwajiri anayekaa na makato ya watu, mshauri wa miradi ambaye hajalipa tangu ahitimu, mkurugenzi ambaye angeweza kulipa kwa miezi kumi akaachiwa alipe kwa kumi na mitano: hizo ndizo fedha za kuziba pengo, nazo ni nyingi kuliko elfu arobaini za walimu. Ikiwa baada ya kuzitafuta kwa dhati pengo litabaki, ni afadhali Hazina ilijaze waziwazi kwa bajeti ya Bunge kuliko kuendelea kulijaza kichinichini kwa mishahara ya watu wa madaraja ya chini.

Iko pia hofu kwamba kumgusa mwenye kipato kikubwa kutamfukuzia nje ya nchi. Mtu anayeweza kuhama nchi kwa sababu ya kulipa deni lililomfikisha hapo alipo, huyo alikwisha kuhama zamani.

Mwaka 2016 Bunge lilipopandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15, lilibadili maisha ya walimu na watumishi kwa marekebisho mafupi ya sheria, na waliokwisha kutia saini mikataba wakiwa na tarakimu nyingine kichwani walikuta tarakimu mpya katika mishahara yao. Kupanga upya hakudai zaidi ya hayo. Panatakiwa jedwali moja la viwango, lifanane na lile la kodi ya mapato ambalo kila karani wa mishahara analo mezani. Kifungu cha kumwajibisha mwajiri anayekaa na fedha za Bodi kama anavyowajibishwa anayekaa na kodi. Na nambari ya mlipakodi iandikwe katika faili la kila mkopaji, hata la yule ambaye hana karani wa kumkata.